Jogoo Mwenye Kitambaa Mguuni

Majike kumi na mmoja hawahitaji majogoo watano. Hilo nililijua kabla sijaambiwa na mtu, kwa sababu mimi ndiye niliyefagia ua kila asubuhi na kuwaona majike hao wakitembea na migongo mitupu, manyoya yamepukutika, ngozi nyekundu iko nje. Mtetea mmoja wa madoadoa, tena aliyekuwa akitaga vizuri kuliko wenzake wote, alifikia kushinda juu ya paa la banda. Alishuka kula, akadonoa harakaharaka huku akitazama nyuma, akapanda tena. Nilimwonea huruma, na huruma yangu mimi huja pamoja na hasira. Sijui kuhurumia kimyakimya.

Nyumba yetu iko Shela, ukuta mmoja na nyumba ya wageni ninayopikia. Ndani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Binti zangu wameolewa, wako Mombasa. Uani ndiko kulikokuwa na umati: hao kuku, bata wanne ambao hawakuwa na kazi ila kuchafua maji, na kanga jike mmoja aliyejiona kuku, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia ukweli. Mama alikuwa amefuga maisha yake yote. Macho yalipomwingia ukungu, akawa haoni ila mwanga na vivuli, kazi ya kuwalisha ikawa yangu na amri ikabaki yake.

Majogoo wenyewe walikuwa hivi. Wa kwanza alikuwa kuchi, mrefu, shingo imesimama, niliyemlea mwenyewe kutokana na mayai niliyoletewa kutoka Siyu. Sitaficha, nilimpenda. Wageni wa pale jirani walikuwa wakipanda juu ya dari kumpiga picha, nami nikajifanya sioni. Wa pili alikuwa mweupe, mnene, mvivu wa kila kitu isipokuwa lile jambo moja. Wa tatu na wa nne walikuwa ndugu, wekundu, walitotolewa siku moja na uovu wao waliufanya kwa pamoja. Wa tano alikuwa jogoo mdogo wa kienyeji, kidole kimoja kimepinda, sauti imekwaruza, anawika saa yoyote inayomjia kichwani. Huyu alifungwa mguuni kitambaa kilichochanwa kutoka kwenye leso ya zamani ya mama.

Watu wengi kwetu hufunga kuku wao vitambaa, kwa kuwa kuku hutembea vichochoroni na kuchanganyika na wa jirani. Lakini kile hakikuwa kitambaa cha kumtambulisha. Kilikuwa cha nadhiri.

Nina ndugu mmoja wa kiume, mdogo wangu. Alikwenda Arabuni kufanya kazi ya udereva. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Ijumaa. Mwaka wa pili alipiga alipokumbuka. Halafu namba yake ikawa haipatikani, na tuliowauliza walikuwa wamesikia kwamba amehama mji, au amebadili tajiri, au walikuwa hawajasikia lolote. Mama hakulia mbele yangu. Alasiri moja, baada ya kusali, aliniomba nimpe yule jogoo aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuwika. Akampakata, akanitaka nisikilize niwe shahidi.

"Mwanangu akirudi salama," alisema, "jimbi huyu ni nadhiri. Atindwe kwa ajili ya Mngu, aliwe na wanafunzi wa chuo cha Kurani. Nami sitaonja hata mchuzi wake, nadhiri haili mwenyewe."

Kutinda ndiko kuchinja kwetu. Nikamchania kitambaa, akamfunga kwa mkono wake mwenyewe, mafundo mawili, huku midomo ikimcheza kwa dua. Nikasema amin. Moyoni nilisema jambo jingine. Nilisema: mimi niliyeko hapa, ninayekuchemshia maji na kukukata kucha, mimi hujaniwekea nadhiri hata ya kifaranga. Sikuwa mtoto nilipoyawaza hayo. Nilikuwa mama wa watu, nimeshapata wajukuu.

Basi tukakaa hivyo na majogoo watano, mpaka msimamizi wa nyumba ya wageni akaniita pembeni. Alikuwa mtu wa bara, kijana mpole, anayesema na watu huku amefumbata mikono utadhani yuko kanisani.

"Mama, sitaki tukosane," aliniambia. "Lakini hawa wageni wanalalamika. Kuna huyo mmoja mwenye sauti mbaya, analia hata saa nane mchana. Si upunguze hata wawili? Kwetu, kuku kumi, jogoo ni mmoja tu."

Nikamwambia kwamba kwao hakuna Shela na aliyekuja kulala Shela ajue amekuja kulala na majogoo. Nilimjibu hivyo kwa kuwa sipendi kuambiwa ninachokijua. Nyumbani nilifika nimeshaamua: jogoo mmoja. Mmoja ndiye aliyetosha, na huyo mmoja alikuwa kuchi wangu.

Nilimweleza mama wakati wa chai. Nikamwambia habari za migongo ya majike, nikamshika mkono nikampeleka akampapasa yule wa madoadoa. Vidole vyake vilipofika pale palipochubuka, alivuta pumzi.

"Kweli," alisema. "Wamezidi. Wapunguze, mwanangu."

"Nabakisha mmoja."

"Wawili. Moya wako, moya wa nduguyo."

"Mama, wakibaki wawili watapigana."

"Na wapigane. Yule si wako wala si wangu."

Sikubishana. Nilianza na wale watatu ambao hawakuwa na mtetezi. Yule mweupe tulimchinja binti yangu mkubwa alipokuja na mumewe. Ndugu wawili wekundu niliwagawa, mmoja nikampeleka kwa binamu yangu Kipungani, mmoja nikampa yule msimamizi, ili aone nimesikia maneno yake. Alimpokea kwa mikono miwili, akamla siku hiyohiyo.

Niseme jambo hapa kuhusu kuchinja. Sheria haimkatazi mwanamke, lakini nyumbani kwetu mwanamke hakushika kisu cha kuchinja. Nimekata vichwa vya samaki wasio na idadi, nimepasua kaa wakiwa hai, lakini kuku huwa namshika mkononi hadi mlangoni nangoja mwanamume apite. Kwa kawaida anayepita ni bwana mmoja wa punda, anayebeba mchanga na mawe kupeleka kwenye majengo. Mtu mwema, na sauti yake imezoea kuita punda. Hajui kunong'ona. Hata salamu zake husikika nyumba ya tatu.

Wakabaki wawili. Kwa siku kadhaa nikaona nafuu. Yule wa madoadoa aliteremka kutoka juu ya paa, majike wengine wakaanza kuota manyoya. Lakini wale wawili hawakupatana, na ajabu ni kwamba yule mdogo ndiye aliyekuwa mchokozi. Kuchi wangu alikuwa na kimo na uzuri, hakuwa na moyo. Yule mwenye kidole kilichopinda alimngojea kwenye mlango wa banda, akamfukuza kwenye chakula, kisha akapanda ukutani akawika na lile koo lake la mgonjwa. Mama akimsikia alitabasamu.

"Sikia," alikuwa akisema. "Amuita nduguye." Maana kwake yule jogoo na mwanawe walikuwa wamekwisha kuwa ndugu.

Kila jioni pia aliniuliza kuhusu simu. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe, alilala nayo chini ya mto, na kwa kuwa hakuweza kusoma kioo chake, mimi ndiye niliyemwangalizia. "Hakupiga?" Hakupiga, mama. "Labda alipiga hukusikia, tizama vyema." Natazama vyema. Nilimjibu kwa upole siku nyingi. Siku nyingine nilimjibu kwa kifupi, na siku chache nilimjibu vibaya.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Nilitoka kazini baada ya kuandaa chakula cha mchana cha watu kumi na wanne, mmoja hali samaki, mmoja hali nazi, mmoja hajui asichokula mpaka akione. Nimechoka, miguu imevimba. Naingia uani namkuta kuchi wangu kajikunyata nyuma ya pipa la maji, upande mzima wa uso wake damu tupu, jicho halionekani. Na yule mwingine yuko juu ya ukuta anawika.

Sikufikiri. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa muda mrefu, kwamba sikufikiri, ila si kweli. Nilifikiri vizuri kabisa. Nilimrushia punje za mahindi, akashuka, nikamdaka. Nikaingia jikoni, nikachukua kisu cha samaki, nikakikata kile kitambaa, kwa sababu nilijua kwamba bwana wa punda akikiona atauliza. Nikakitia kwenye upenyo wa mawe ya ukuta, nyuma ya kopo la chumvi. Nikachungulia chumbani. Mama alikuwa amelala ubavu, uso ameuelekeza ukutani, kama alivyozoea baada ya sala ya adhuhuri. Nikatoka mlangoni na jogoo kwapani.

"Yuwapi mhukumiwa?" aliuliza bwana wa punda, akafunga kamba ya mnyama wake kwenye pete ya mlango.

"Huyu. Fanya upesi, Bwana, nina kazi."

"Kakukosea nini, maskini?"

Nilimwambia tu amshike vizuri. Akamweka kibla, akavuta ngozi ya shingo, akasema "Bismillahi Allahu Akbar" kwa ile sauti yake, na ikawa imekwisha. Jogoo alipiga mbawa mara chache kwenye mchanga. Kile kidole kilichopinda kikanyooka.

Bwana wa punda akaondoka na mnyama wake. Nilikwenda kumwosha kuchi uso kwa maji ya uvuguvugu, nikitaka angalau nione nimemlipizia jicho. Damu ikatoka, jicho likafunguka, zima kabisa, likanitazama. Alikuwa amepasuka kishungi tu, na kishungi cha jogoo hutoa damu nyingi kwa jeraha dogo. Mtu aliyefuga kuku miaka yote hiyo alipaswa kulijua hilo. Nililijua.

Sasa nikaanza kazi ya pili, na kwa hiyo ya pili siwezi kusingizia hasira. Nilichukua manyoya nikayatawanya mlangoni mwa banda. Nikang'oa ufito mmoja wa ubavuni, nikautupa chini. Ngawa hutoka huko nyuma kwenye michanga, kila mtu Shela ameshapoteza kuku kwa ngawa. Nilipanga manyoya yangu vizuri, nikasogea nyuma nikaangalia, nikarudi nikaongeza mengine. Mama haoni. Nilikuwa nawapangia majirani, au labda nilijipangia mwenyewe.

Nyama nikaipika mchuzi wa nazi, kwa kuwa kutupa nyama halali nilishindwa. Nilikuwa nimezoea kuleta nyumbani chakula kinachobaki kazini, basi uongo ulikuwa umeshapata mlango. Nilipokuwa nimeshika bakuli kumpelekea mama, hapo, kati ya jikoni na chumba, nikakumbuka maneno yake: nadhiri haili mwenyewe. Nilisimama. Ningeweza kurudi. Ningeweza kumpikia yai. Lakini nikirudi na bakuli ataniuliza harufu ile ni ya nini, na nilikuwa nimeshaamua siku ile haina maswali. Nikaingia, nikaliweka mbele yake.

"Kuku wa kazini," nikasema.

Mkono wake ukagusa ukingo wa bakuli, ukarudi mapajani.

"Yeo tumbo langu halitaki nyama," alisema. "Nipa mkate na chai."

Nilishukuru Mungu. Nadhani sijawahi kushukuru kwa aibu namna ile. Mimi nilikula pande moja, nikawamwagia paka wa kichochoroni mchuzi wote uliobaki. Paka wa Shela ndio walioila nadhiri ya mama yangu.

Asubuhi aliniuliza kwa nini hamsikii. Nikamwambia ngawa ameingia bandani, amemchukua, kabakisha manyoya.

"Inna lillahi," alisema mama. Kisha akauliza: "Hata kitambaa hukukiona?"

"Hata kitambaa."

Hakuuliza tena. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali kumi, nikapata moja.

Kuanzia asubuhi ile mama akabadilika. Mchana hakula. Nilimwekea uji, akasema niuache, ataunywa baadaye. Nilimwekea wali, akasema hana hamu. Nikirudi kazini nakuta sahani imefunikwa vilevile, ila ikiingia magharibi akala tende na maji na mkate kidogo, akalala. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Na jioni hakuniuliza habari za simu. Nilikaa karibu yake makusudi, nikaishika, nikaigeuzageuza, nikitamani aniulize "hakupiga?" hata kwa ule ubishi wake wa kila siku. Aligeukia ukuta.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Jogoo aliyewekwa kwa ajili ya kurudi kwa mwanawe amechukuliwa na mnyama, na mama amepokea hilo kuwa jibu. Ameambiwa mwanao harudi. Alikuwa ameanza matanga ya mtu ambaye labda yuko hai, anaendesha gari mahali fulani, na mimi ndiye niliyemletea taarifa ya kifo. Usingizi ukanihama. Kazini nilitia chumvi mara mbili kwenye supu. Na bado sikusema. Nilijiambia nitasema kesho akiwa na nguvu, kisha nikajiambia nisimwongezee huzuni. Uoga wangu una maneno mengi mazuri.

Siku ya tatu nilirudi mapema. Mlangoni nikamkuta punda amefungwa kwenye pete, na bwana wake amekaa barazani kwetu, simu ya mama mkononi, ameiweka mbali na macho, anasoma kwa sauti yake ileile: "Hii ni ya kampuni, Bi Mkubwa. Na hii pia ni ya kampuni. Mtu hakuna." Mama alikuwa amekaa nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, buibui begani, anasikiliza.

"Bi Mkubwa aniomba nimtizamie kama mwanawe amepiga," aliniambia alipoinuka. Kisha akatabasamu. "Na wewe Bi, yule wa juzi..."

"Bwana, punda wako anakula mkeka wa watu," nikamkatiza, na hapakuwa na mkeka wowote. Alifungua kamba, akaenda zake huku anashangaa.

Ningependa kusema kwamba nilikiri kwa kumcha Mungu. Nilikiri kwa sababu nilijua bwana yule atapita tena kesho, na sauti yake naijua. Nikaenda jikoni, nikasogeza kopo la chumvi, nikachomoa kitambaa kwenye upenyo. Nikapiga magoti mbele ya mama, nikakiweka kwenye kiganja chake.

"Mama," nikasema, "hakuna ngawa."

Alikipapasa. Alikijua kabla hajamaliza kukikunjua. Alipitisha kidole gumba pale kisu kilipopita.

"Naiyua," alisema. "Ngawa hapigi bismillahi."

Nilidhani mtu aliyegundua uongo wako atakupigia kelele, au atalia. Mama alisema yale kwa sauti ya kawaida kabisa. Hakuwa amelala siku ile. Aliisikia sauti ya bwana wa punda, akazisikia mbawa, akanusa nyama, na bakuli lilipowekwa mbele yake alijua kilichomo ndani. Alinisikia nikiweka bakuli, akangoja niseme. Asubuhi aliniuliza kuhusu kitambaa ili anipe njia ya kusema. Akaendelea kungoja.

"Na kula?" nikamwuliza. "Mbona huli?"

"Nimefunga. Yeo ya tatu. Kafara ya nadhiri."

"Nani kakwambia una kafara, mama? Ungemuuliza mwalimu wa chuoni kwanza."

"Ningemuuliza mwalimu," alisema, "angeuliza ni nani alomtindisha. Ningemwambia nini? Mwanangu?"

Mwanamke wa umri ule, mwenye sukari, daktari kamkataza hata kufunga Ramadhani. Amekaa na njaa siku tatu, hajui kama inamlazimu au haimlazimu, akafunga kwa tahadhari ili asilazimike kunitaja. Nililia pale sakafuni, nikaweka kichwa mapajani mwake, naye akaniwekea mkono kichwani. Mkono wenyewe ulikuwa mwepesi. Nikamwuliza, na huku nalijua jibu, kwa nini simu hakunipa mimi nimtazamie.

"Ningekupa," alisema. "Ungenambia hakupiga. Ningeyuaje?"

Maneno hayo hakuyasema kwa ukali. Ningemshukuru kama angeyasema kwa ukali.

Siku ya pili nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu, nikasimama nyuma ya pazia, nikamweleza yote mpaka bakuli. Alinisikiliza, akauliza kama ndugu yangu ameshapatikana, nikasema bado. Akasema basi nadhiri haijafika wakati wake, na kafara haikuwako. Aliyemharibu jogoo aweke mwingine mahali pake, wa kiasi kile au bora, na atubu, na amtake radhi mzazi wake. Nikangoja. "Ni hayo tu," alisema. Nilitoka pale nimekasirika. Nilitaka nipewe mzigo, nikapewa kitu kinachobebeka kwa mkono mmoja.

Niliporudi nilimkamata kuchi wangu. Mama akampapasa kichwa, shingo, mpaka kwenye kucha.

"Huyu si yule wako umpendao?"

"Ndiye."

Hakunikataza. Nikamchania kitambaa kipya kutoka kwenye leso ileile, akakifunga mwenyewe, mafundo mawili, akarudia maneno yake ya nadhiri neno kwa neno. Nikasema amin, na safari hii sikuwa na neno jingine moyoni, ila hofu.

Hivyo sasa ua wetu una majike kumi na mmoja na jogoo mmoja, hesabu niliyoitaka tangu mwanzo, na huyo mmoja si wangu. Majike wamenona, migongo imejaa manyoya. Msimamizi wa jirani hunisifu, husema mama, sasa mambo ni sawa kabisa. Ndugu yangu hajapiga. Simu bado anasomewa mama na bwana wa punda, kila akipita, nami nikiwa nyumbani hujitia kazi jikoni mpaka amalize.

Na mama amenisamehe. Aliniambia kwa mdomo wake, naamini alisema kweli, kwa kuwa yeye hasemi uongo. Ananiuliza habari za kazini, anacheka nikimwigiza mgeni asiyejua asichokula, ananiombea dua nikitoka. Ila kila alasiri nikirudi, kabla sijavua viatu, kuna jambo moja tunalifanya. Ninakwenda bandani, ninamchukua jogoo, ninampakatisha mama. Anateremsha vidole kwenye mguu mpaka anafika kwenye kitambaa, anakizungusha kutafuta fundo, anahesabu moja, mbili, ndipo anasema alhamdulillahi na kunirudishia.

Juzi nilikuwa nimechoka sana, nimesimama mlangoni na kikapu bado mkononi. Jogoo nilimwona pale pale, anaparura chini ya bomba, kitambaa chake mguuni. Nikamwambia, "Mama, yuko. Namwona kwa macho yangu."

"Nayua, mwanangu," alisema, akanyoosha mikono. "Mwete."